Neno Hewa

Bandani, tarehe 3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku tuko salama, isipokuwa vumbi la pumba linatukohoza wote, mimi na kuku. Mtoto ametimiza miezi mitano, ameota jino moja na analitumia kwa kila kitu, hata kwenye sikio langu. Kila anayemlinganisha na ile picha ya baba anasema ni yeye mtupu, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuhakikisha maana ndiye dada yake, lakini huji. Baba yake bado yuko kwenye kazi ya barabara, atarudi mvua zikikata. Presha nimepima Jumanne ya mwisho wa mwezi kama kawaida, iko sawa. Nesi ananicheka, anasema hajaona mtu wa miaka thelathini na moja anayekuja kupimwa kana kwamba anakuja harusini. Nikamwambia asicheke, ni ya ukoo, ilimchukua baba yangu akiwa na thelathini na minne. Chumvi bado siigusi, usiwe na wasiwasi.

Nililokuandikia ni hili. Panya buku wameingia bandani. Si wale wa kukimbia ukiwasha taa. Hawa wanakutazama kwanza. Wiki hii wamekula vifaranga kumi na viwili, na waliobaki wamewaacha bila miguu. Sumu mwenye shamba ameikataza kwa sababu ya mayai, mitego wameizoea, na paka niliyeletewa alikaa siku mbili akahama kwa hiari yake.

Wewe umetengeneza bunduki za upepo miaka yote ile kwenye klabu ya walenga shabaha. Niambie, kwa mtu asiyewahi kushika bunduki, nianze na ipi iliyo ya kuaminika? Zile za kuvunja mtutu kila unapopiga siziwezi, bega langu unalijua. Nasikia kuna zinazojazwa kabla, ukishajaza unapiga mara nyingi bila kutumia nguvu. Kituo cha polisi wamesema kibali nitapata.

Barua hii naipa lori la mayai. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya tangi.

Mwanao,
Sindano


Mjini, tarehe 12 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Barua ilinifikia siku ileile, nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa na mambo. Nyumbani ni wazima, jirani yangu mshonaji anakusalimu, amemshonea mtoto kofia ambayo naona ingemtosha baba yake. Magoti yangu ni yaleyale, ndiyo maana siji.

Kuhusu bunduki, hapana. Tafuta paka mwingine, mwenye moyo. Ziba matundu kwa saruji iliyochanganywa na vigae vya chupa. Inua magunia yakae juu ya mbao. Panya ni adui mdogo, usimletee silaha kubwa.

Nimesema hapana, na hujanisikia nikisema hivyo mara nyingi maishani mwako. Bunduki za kujaza nimeziacha tangu ukiwa na miaka mitano na sitaki kuzisikia.

Endelea na kliniki yako.

Shangazi yako


Bandani, tarehe 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi tunamshukuru Mungu. Kofia imefika, tumeifanya kikapu cha mayai. Saruji nimeziba, vigae vimenikata vidole viwili, panya wamechimba pembeni ya saruji kana kwamba nimewaonyesha njia.

Sikutaka kukuambia hili, lakini umenikatalia kama mtu aombaye pipi. Juzi alfajiri niliingia bandani kuwasha taa za vifaranga, nikamwacha mtoto kitandani, mlango nimeurudishia. Nilisikia analia, nikafikiri njaa. Nilipofika, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeng'atwa, damu imefika mpaka kwenye kiwiko, na juu ya mto kulikuwa na mmoja ameketi. Hakukimbia, Shangazi. Alinisubiri nifike karibu, kisha akashuka taratibu kama mwenye nyumba.

Kliniki wamemchoma sindano, kidole kitapona, kucha haijulikani. Tangu siku hiyo namfunga mgongoni hata nikiwa nakoroga pumba. Nikilala namlaza juu ya kifua changu na sisinzii. Chumba hiki ni cha kazi, nikiacha kazi nimeacha na paa. Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, naliandika sasa: naogopa kulala na naogopa kuamka.

Kama hutaki kunifundisha, nitanunua yoyote atakayonipa muuzaji. Nimeona bora nikuambie.

Sindano


Mjini, tarehe 2 Aprili

Sindano mwanangu,

Marahaba, na pole, na pole tena kwa huyo mdogo wetu. Jirani amelia, akaanza kofia nyingine.

Wiki nzima nimeizunguka karatasi hii. Maji yamenifika shingoni, maana nikinyamaza utaenda kwa muuzaji, na muuzaji hana shangazi. Basi soma polepole, uniandikie kama umeelewa.

Usichukue yenye mambo mengi. Duka litakusukumia yenye magazini ya risasi kumi, darubini ndefu na kifaa cha kusawazisha presha ndani kwa ndani. Kila kilichoongezwa ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika, nawe uko mahali ambapo hata mkanda wa kinu unasubiri lori. Chukua ya risasi moja moja. Chukua mtungi wa chuma, si wa alumini nyembamba. Iwe na geji mbele, ile saa ya presha yenye mshale, unayoweza kuisoma bila kuuelekeza mtutu usoni kwako. Waulize kama wana oringi za akiba, zile pete za mpira. Wasipokuwa nazo, toka dukani hata kama bunduki ni nzuri kama bibi harusi. Tundu la mtutu liwe lile dogo, milimita nne na nusu, linatosha kwa panya na halitatoboa mabati ya mwenye shamba. Ishike begani dakika tano nzima. Ikianza kukutetemesha mkono, si yako.

Kabla hujaondoka nayo, waombe waijaze, andika geji inasema nini, iache kwao hadi kesho. Kesho ukikuta mshale umeshuka, inavuja. Bunduki ya kuaminika haijulikani kwa sauti, inajulikana kwa kushika pumzi.

Bandani, weka magunia ya mchanga nyuma ya pale unapolenga, risasi isije ikakurudia. Mtoto asiwe mgongoni ukipiga. Mpe mtu.

Ukiishiwa, ijaze hewa kwa pampu yake ya mkono. Hewa tu, kitu kingine chochote usitie. Usizidishe geji.

Hayo ndiyo yote ninayojua. Mengine usiniulize.

Shangazi yako


Bandani, tarehe 21 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo mara saba. Leo nina furaha ya kukuandikia. Mtoto kidole kimefunga, kucha inaota ya kupindapinda. Mlinzi wa geti ndiye anayembeba ninapofanya kazi, na anamwimbia nyimbo ambazo itabidi nimsahaulishe.

Nimeinunua! Muuzaji alinitolea ya magazini, nikakataa. Akanitolea ya alumini, nikagonga kwa kucha kama ulivyokuwa ukigonga, nikakataa. Akaniuliza dada, umefundishwa na nani? Nikasema na mtu asiyetaka kuulizwa. Mwishowe akatoa moja ya zamani kidogo, ya risasi moja, kitako cha mbao, mtungi wa chuma, geji mbele, na pete sita za akiba kwenye kikaratasi. Niliiacha dukani hadi kesho yake. Mshale haukusogea hata upana wa unywele.

Na imefanya kazi. Panya tisa kwa siku nne. Yule mkubwa wa kwenye mto nafikiri nimempata, maana wengine sasa wanakimbia. Usiku nimelala saa nne mfululizo, nikaamka nikidhani nimekufa.

Shida ni moja tu. Pampu ya mkono wameishiwa, wanasema itakuja baada ya mwezi, na upepo wa dukani nimeumaliza. Lakini nimepata njia. Pale njia panda, karibu na kliniki, kuna fundi wa kuchomelea mageti, ana mtungi wa hewa, ule mrefu wa kijani kama ile aliyokuwa akiitunza baba hospitali. Nilimwonyesha maneno yako, hewa tu, kitu kingine chochote usitie, akasema ndiyo hii, safi kuliko yoyote, hata wagonjwa wanawekewa. Ameshatengeneza kiungio cha kuunganishia mpira. Jumanne tarehe 26 nikienda kupima presha nitamwachia, aijaze nikiwa foleni.

Na mimi si mvivu, nimeisafisha kwanza. Ilikuwa inakwaruza pale pa kuchomeka mpira, nimeipaka mafuta ya cherehani ndani ya tundu hadi yakatoka upande wa pili. Sasa inateleza kama siagi.

Umeona? Nimekuwa fundi. Njoo unione.

Mwanao,
Sindano


Mjini, Jumatatu, tarehe 25 Aprili, saa nane mchana

Sindano,

USIIJAZE. Kama umesoma mstari huu tu, inatosha, kimbia kwa yule fundi umwambie asifungue koki, ndani kuna mafuta. Kisha ndipo usome yaliyobaki.

Barua yako nimeipata leo. Dereva wa lori la mayai aliisahau kwenye shati, mke wake ameikuta akifua. Lori lake limeshaondoka tangu Jumamosi. Nimekuja kwa miguu hadi ghala la chakula cha kuku, magoti hayakukumbuka kuuma. Kuna lori la pumba linalokuja kwenu, litapita njia panda kesho asubuhi. Namwandikia dereva juu ya bahasha: asiipeleke shambani, asimame kliniki, amtafute mwanamke mwembamba mwenye mtoto kwenye foleni ya presha. Kwa mara ya kwanza nashukuru kwamba unakwenda huko kila mwezi, na shukrani hiyo inaniunguza.

Ule mtungi wa kijani ni oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta kwa nguvu namna ile haihitaji kiberiti. Inawaka yenyewe, chuma kinapasuka mkononi mwa aliyeshika.

Hukukosea wewe. Wewe ulijifunzia kusema kwenye nyumba za hospitali. Kule kila mtu anasema kitanda cha nne anataka hewa, leta hewa, hewa imekwisha, na wote wanamaanisha ule mtungi. Ile ya kwenye tairi mnaiita upepo. Hata kitu chenyewe watu wanakiita bunduki ya upepo; sisi mafundi wa klabu ndio tuliojiona wasomi tukasema hewa. Nilijua hilo. Nilijua kuliko mtu yeyote aliye hai, na bado tarehe 2 mkono wangu umeandika hewa tu.

Sasa lile nisilotaka kuulizwa.

Mwaka ule kulikuwa na mashindano Jumamosi, na kompresa ya klabu, ile mashine ya kujazia, ikafa Ijumaa. Nilimpelekea baba yako bunduki moja na kikaratasi, maana yeye ndiye mtunza mitungi wa hospitali na ana viungio vya kila namna. Niliandika: Kaka, nijazie hewa, nitapitia jioni. Nilikuwa nimeipaka mafuta mwenyewe, nataka ing'ae mbele ya wageni. Kaka yangu alikuwa mtu wa kutii maandishi. Alijaza hewa, ile anayoijua yeye. Nilipopitia jioni, stoo haikuwa na mlango. Kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, kimepona, ndicho hicho nilichokuwekea humu ndani.

Wewe ulikuwa na miaka mitano, mama yako alishatangulia, ukaniuliza baba amekufa na nini. Nikasema presha. Sikudanganya neno, Sindano, nilidanganya maana. Ilikuwa presha ya mtungi. Nikafikiri nitakuambia ukikua. Kisha mwalimu wako akasema ugonjwa huo unarithiwa, ukaja nyumbani unalia kwamba na wewe utakufa, nami badala ya kusema, nikaacha kutia chumvi kwenye chakula. Nilikupikia bila chumvi miaka yote uliyokaa kwangu, nikala nawe, ili uongo wangu usikose shahidi. Baba yako hakuwa na ugonjwa wowote. Huna cha kurithi isipokuwa vidole vyake virefu.

Siji kwenu kwa sababu umesema mtoto ni yeye mtupu. Si magoti.

Dereva anapiga honi. Amenifungulia mlango, ameniambia mama panda, kiti kipo. Nimeweka mguu mmoja kwenye ngazi, nikaushusha. Barua na mimi tungefika saa ileile, na nimeichagua barua. Hilo nalo lijue.

Naogopa hata kuandika jina langu chini. Niandikie neno lolote, la kunitukana pia, mradi liwe limeandikwa na mkono wako.


Bandani, Alhamisi, tarehe 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wangu, kama ulivyotaka. Vidole kumi vipo. Vya mtoto kumi pia, na ile kucha ya kupinda.

Dereva alinikuta si kwenye foleni tena, nimeshaingia ndani, mtoto mgongoni, nesi amenifunga ule mkanda wa mkono. Akanipa bahasha juu ya meza. Nilifungua kwa mkono mmoja. Nilisoma mstari wa kwanza mkanda ukiwa bado unakaza, na nesi akatazama namba, akaniambia dada, kwa mara ya kwanza imepanda. Nilitoka na mkanda wake mkononi.

Kutoka kliniki hadi njia panda ni kama kutoka kwako hadi sokoni. Nilikimbia nikisikiliza. Kila bati lililogongwa, kila mlango wa gari, nilidhani ndiyo hiyo imepasuka. Nilipopinda kona nilimwona amechuchumaa, bunduki imelazwa juu ya benchi, mpira umeshakazwa, mkono uko kwenye koki. Nilimpungia mkono, hakuniona. Mtoto ndiye aliyelia, kwa kurushwarushwa, fundi akainua kichwa. Hapo ndipo nikaweza kusema:

"Ina mafuta ndani."

Aliiachia koki kama aliyeshika kaa la moto. Alirudi nyuma kinyumenyume hadi ukutani, akakaa chini. Anajua, Shangazi. Kazi yake yote ni kuweka mafuta mbali na mtungi ule. Akasema kwamba nisingesema hewa, angeniuliza nataka ya aina gani. Nikamwambia hata yeye aliniambia ni hewa. Akasema ndivyo inavyoitwa. Akainuka, akaufungua mpira taratibu, akanirudishia bunduki.

Nesi alifika nyuma yangu kufuata mkanda wake.

Barua yako nimeimaliza nikiwa nimekaa kando ya barabara, nimempakata mtoto. Nina hasira, lakini kila nikiishika inageuka kuwa wewe umesimama mlangoni pa stoo isiyo na mlango, na wewe wakati huo ulikuwa mdogo kuliko mimi sasa. Kwa muuaji wa baba yangu ningejua la kufanya. Kwa mtu aliyekula bila chumvi pamoja nami miaka yote ile, sijui. Nipe muda. Lakini usinipe kimya, kimya nimekipata cha kutosha.

Panya wamebaki wachache. Bunduki imelala tupu, juu ya kabati. Mtoto namlaza ndani ya tenga la vifaranga, nimelizungushia wavu na kulining'iniza kwenye boriti. Tutavumilia mpaka upepo upatikane. Naandika upepo. Humu ndani neno lile jingine hatulisemi tena kwa kitu chochote.

Lori la pumba linarudi huku Jumatatu. Dereva anasema kiti bado kipo. Tafuta pampu ya mkono huko mjini, uje nayo magotini. Kikaratasi nimekirudisha ndani ya bahasha hii, uje nacho, unisomee mwenyewe, uso kwa uso, na huyu mdogo akikutazama kwa macho ya kaka yako utamtazama. Hang'ati sana.

Jana nimenunua chumvi. Wenzangu wa rika langu wamekula chumvi nyingi, mimi ndiyo naanza. Nilitia kwenye mboga, nikaonja, ikawa chungu hata kuku wameikataa. Sijui kipimo chake, Shangazi, hakuna aliyenifundisha. Njoo unifundishe.

Mwanao,
Sindano